Mshale wa Mawe Njia ya Kalinzi

Siku ya kuanua matanga ya Pastory, Samson alifika nyumba ya msiba, Kasingirima, kabla hata majirani hawajaamka vizuri. Alipanga viti, akachota maji, akawasaidia kina mama kuinjika sufuria la maharage. Kichwani maneno yake yalikuwa tayari. Ikifika zamu ya marafiki wa marehemu, nani mwingine angesimama? Walianza skauti pamoja wakiwa darasa la tano. Kaptura zao za kaki alizishona fundi mmoja, na mafundo ya kamba walijifunzia kwenye mguu wa meza moja.

Catherine, mjane, akamfuata akiwa na karatasi ya ratiba mkononi.

"Shemeji, pole na kazi. Kwa upande wa skauti ataongea Ndayikunda."

"Ndayikunda?"

"Si ndiye rafiki yake wa skauti? Marehemu alikuwa hamalizi siku hajamtaja."

"Sawa, shemeji," Samson akasema, akainama kunyoosha kiti ambacho hakikuwa kimepinda.

Ndayikunda! Mtu aliyekuja kutoka Burundi na wazazi wake, akajiunga na skauti wakati wao wawili wameshamaliza miaka minne!

Saa nane mchana huyo akaingia, skafu shingoni, akiwapa skauti wenzake wa zamani mkono wa kushoto kama desturi yao ilivyo. Mzee mmoja akamaka.

"Wewe! Mkono gani huo unatoa msibani?"

"Wa kushoto, mzee, uko karibu na moyo. Wa kulia nimekutunzia wewe. Shikamoo."

Watu wakacheka, mzee naye akacheka. Samson hakucheka. Jibu lile lilikuwa la Pastory, neno kwa neno. Hata utani wake amerithi huyu, akawaza.

Zamu ilipofika, Ndayikunda akasimama, akasimulia habari ya Kalinzi.

"Tulikuwa kwenye mashindano ya kufuata alama. Wawili wanatangulia, wanapanga mawe mfano wa mshale kila njia panda, wengine tunafuata wawili wawili. Mimi nilikuwa na marehemu. Basi yeye, kiongozi wetu mzima, bingwa wa alama, akausoma mshale vibaya! Tukapotelea kwenye mibuni mpaka giza. Mwenye shamba akatulaza kwake, blanketi moja, viazi vitamu vya moto. Asubuhi tulishakuwa ndugu. Mwalimu akamvua uongozi, na mimi sikuacha kumcheka. Kila nikimpigia simu naanza hivi: bwana mkubwa, leo umepotea wapi?"

Kicheko kikajaa uani. Catherine alikuwa akicheka na machozi yanamtoka.

Samson alikuwa akiangalia mikono yake. Mshale ule aliupanga yeye. Asubuhi ile mwalimu alikuwa amebadilisha wenza, akampa Pastory yule mgeni, na Samson akatembea kilometa tatu hadi mahali pa kuanzia akisikia vicheko vya wawili wale nyuma yake. Kwenye njia panda aliupanga mshale sawasawa. Mwenzake alipotangulia, na jozi zote zimeshapita isipokuwa ile ya mwisho, akatoka alikojificha, akaugeuza uelekee mashambani, akakimbia kumfuata mwenzake. Kisha akaurudisha jioni, mwalimu asije akaukuta umegeuzwa. Pastory alipoulizwa hakusema mshale ulielekea wapi, maana swali linalofuata lingekuwa ni nani aliyeupanga. Alisema, "Nimesoma vibaya, mwalimu." Uongozi akapewa Samson.

Miaka ishirini na sita. Na lile blanketi moja, undugu ule uliokuwa ukimchoma roho hadi leo, ni yeye aliyewatandikia.

Akasimama bila kuitwa.

"Pastory hakukosea," akasema. "Mshale niliugeuza mimi."

Vicheko vikakatika. Ndayikunda akamgeukia.

"Unasemaje, Samson?"

"Nilijificha mpaka mmebaki ninyi, nikaugeuza."

"Kwa nini?"

"Alikuwa mwenzangu mimi. Ukapewa wewe."

"Mimi nimemcheka mtu miaka yote hii kwa kosa lako?" Ndayikunda akauliza. "Hata hospitali, Samson. Juzi tu, nilimcheka hata hospitali."

Hapo Samson akasikia utamu unampanda kifuani, utamu mbaya: kumbe kuna jambo la Pastory ambalo huyu hakulijua. Akaona aibu, lakini utamu haukushuka.

"Shemeji," Catherine akauliza taratibu, "na uongozi wake ukauchukua?"

"Niliuchukua."

"Akawa anakupigia saluti wewe?"

"Kila Jumamosi."

Samson alingoja aambiwe aendelee, aanze kule darasa la tano, kwenye kaptura na mguu wa meza. Maneno yote yalikuwa mdomoni.

"Kaa chini, shemeji," Catherine akasema. "Ndayikunda aendelee."

Samson akakaa. Ndayikunda akajifuta uso, akaanza upya, safari hii bila mzaha, tangu pale Pastory alipouinamia mshale, akautazama sana, kisha akamwambia, "Twende, ndugu yangu, njia ni hii." Watu wote wakamgeukia yeye. Samson naye akasogeza kiti chake mbele kidogo, maana safari ile hakuwapo, na alitaka kuisikia yote.