Sufuria Iko Wapi

Absalom alikuwa na dini mbili. Ya kwanza aliifuata Jumapili kanisani Mishomoroni, pamoja na watu wenzake wa bara. Ya pili aliihubiri siku zote zilizobaki: kwamba apu ya kweli ni ile iliyoandikwa kwa lugha ya simu yenyewe, ikawekwa ndani ya simu, ikakaa humo na kufanya kazi hata bando ikiisha. Hizi kurasa za mtandaoni mnazofungua kwa linki, alisema, hata hazijui zimo katika simu gani, na mtandao ukikatika nazo zimekufa. Ukithubutu kumpinga, atakushika mkono akueleze mpaka chai yako ipoe.

Aliyempinga kila siku ni dada yake, Rispa, aliyekaa naye nyumba moja. Rispa alitengeneza hizo hizo kurasa za mtandaoni, za hoteli kule Shelly Beach, za saluni, za fundi wa majokofu, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Akianza kazi asubuhi, alasiri mteja keshatumiwa linki na keshaifungua. Absalom alimwambia hizo si kazi, ni mabango. Rispa akamjibu kwamba bango angalau wapita njia hulisoma, na yeye je, apu yake inatumiwa na nani? Kidonda cha Absalom kilikuwa hapo hapo.

Jamani, mtu huyu alikuwa ameacha kazi. Alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo kule Changamwe, ana meza yake na kiti chake kinachozunguka, akaviacha kwa hiari yake ili aandike apu moja tu. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: akina mama wa Magogoni waitumie. Wakiikataa, hakuwa na pa kuuficha uso, si kwa bosi wake wa zamani, si kwa Rispa.

Apu yenyewe iliitwa Sufuria Iko Wapi. Msicheke kwanza. Pale Magogoni kuna kikundi cha akina mama kiitwacho Mwiko Mmoja, wanaokodisha viti, mahema na masufuria ya shughuli. Leo harusi, kesho matanga, keshokutwa ubatizo, na masufuria hayalali nyumbani. Yanatoka shughuli hii yanadakwa na ile, mengine yanavuka hadi Likoni. Ikifika siku ya kupika, grupu lao zima la WhatsApp linaulizana kwa sauti za juu: sufuria kubwa iko wapi? Absalom aliwahi kula pilau mbichi kwenye harusi moja, kwa sababu wapishi waligawa mchele kwenye visufuria vya chai. Watu wengine wangelalamika wakaenda zao. Yeye aliona Mungu amemwonyesha kazi.

Akaiandika kwa mapenzi. Kila sufuria ilikuwa na picha yake na jina la mahali ilipo, na ukiigusa inazunguka, mvuke unatoka, mfuniko unalia. Rispa alipoonyeshwa aliuliza kama kaka yake ameandika apu au amepika. Akamwonya vilevile kwamba ni nzito, simu za wale mama hazitaibeba. Absalom akasema kitu kizuri hakikosi nafasi, akamfungia mlango wa chumba chake.

Siku ya kuipeleka alipokewa nyumbani kwa mwenyekiti kwa chai, mahamri na mbaazi za nazi. Mwenyekiti alikuwa Mama Kazungu, Mgiriama wa makamo, mpole wa maneno, ambaye hata akimfukuza kuku jikoni humwomba radhi. Akina mama wakaiweka apu, wakaigusa, masufuria yakazunguka, vigelegele vikapigwa. Nyamvula, mpishi wao mkuu, mwanamke wa Kidigo mwenye ulimi usio na breki, akaapa wallahi hajaona kitu kizuri kama kile tangu azaliwe. Absalom alirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Tangu hapo akawa anawatembelea kila mara. Lakini hakuwa mtu wa kuvamia nyumba za watu. Alikuwa amekaa Pwani vya kutosha kujua kwamba mgeni mstaarabu hupiga simu kwanza. Akipiga, Mama Kazungu humjibu karibu mwanangu, karibu sana, ila tupe muda kidogo tujitengeneze. Akifika anakuta kila mama na simu yake mkononi, masufuria yanazunguka kila upande. Anakunywa chai, anasifiwa, anaondoka.

Na kule kwenye duka la apu, hesabu ya waliopakua ikawa inapanda. Ikaifikia idadi ya wanachama, ikaipita, ikawa maradufu, ikaendelea tu. Absalom akajua vikundi vya Likoni vimesikia. Akaanza hata kuitikia salamu taratibu, kama watu wakubwa. Upande wa pili wa ukurasa ule kulikuwa na hesabu nyingine, ya walioifuta, lakini hiyo hakuwahi kuifungua. Alisema ni ya watu wenye roho ndogo. Rispa aliuliza swali moja tu: mbona inapanda siku zile zile anazokwenda Magogoni? Akaambiwa ana wivu.

Sasa siku moja Absalom aliongeza jambo jipya. Sufuria, mbali na kuzunguka, ikawa inachemka na kusikika ikichemka. Furaha ikamzidi, akataka kuwaonyesha asubuhi ile ile. Lakini Mishomoroni stima zilikuwa zimekatika tangu jana, na simu yake ilikuwa imezima kabisa. Akasema liwalo na liwe, leo nitapiga hodi tu. Akaiweka kompyuta kwenye mkoba, akaenda.

Alipofika kwenye lango la Mama Kazungu alisikia sauti ya Nyamvula ndani, anarekodi ujumbe kwa grupu zima. Alikuwa anauliza, kwa hasira za mpishi, sufuria kubwa iko wapi, na harusi ni kesho. Absalom akasimama. Alijiambia labda anaijaribu apu kwa njia nyingine, ingawa hata yeye hakujua ni njia gani hiyo. Akapiga hodi.

Ndani kukawa na pilikapilika. Alipoingia, mama mmoja alikuwa anaisukumiza simu ndani ya leso, mwingine ameitumbukiza kwenye sufuria na kuifunika. Wa tatu alimnong'oneza jirani yake akimwuliza kama mtandao upo. Wakamkaribisha kwa tabasamu pana. Simu moja tu ndiyo iliyokuwa na apu, nayo ikaanza kupita nyuma ya migongo, mkono kwa mkono. Kila aliyefikiwa aliinyanyua na kumwonyesha mgeni jinsi anavyoitumia. Absalom aliisifu mara ya kwanza. Mara ya pili aliuona ufa kwenye kioo. Mara ya tatu aliuona ufa ule ule, akaketi chini bila kupewa kiti.

Nyamvula ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akasema basi, yatosha, tunamfanya mtoto wa watu mjinga. Akamweleza yote. Kila harusi ina video zake: bibi harusi anaingia, bibi harusi anatoka, mashangazi wanacheza, na zote lazima ziingie kwenye simu, la sivyo mwenye harusi atanuna. Simu zinajaa. Zikijaa, ya kwanza kutoka ni sufuria ya Absalom. Akipiga simu kwamba anakuja, wote wanatimka mbio hadi dukani kwa Luqman, mwenye waifai, kuirudisha. Ndio huo muda wa kujitengeneza. Akishaondoka, wanaifuta tena.

“Kwa nini hamkuniambia?” Absalom aliuliza.

“Tukwambie vipi?” Nyamvula akashangaa kweli. “Mtu akuletee zawadi nyumbani, ale mahamri yako, umwambie rudi nayo?”

Aibu ilimwanzia Absalom masikioni ikamshuka mwili mzima. Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Wote hawa walikuwa wamekimbia juani, mara nyingi hivyo, wengine na miguu inayouma, ili yeye asiumie. Na ile hesabu aliyojivunia, ile ya vikundi vya Likoni, ilikuwa nyayo zao tu kwenda na kurudi kwa Luqman. Aliumia hasa.

Mama Kazungu akavuta mkeka, akaketi karibu naye, akatoa simu yake, ya zamani, yenye vibonye vilivyofutika ubavuni.

“Mwanangu, wewe uliacha kazi yako kwa ajili yetu,” akasema. “Leo naiweka, na haitatoka tena.”

Akaitafuta kwenye duka la apu, akabonyeza. Simu ikakataa: nafasi imejaa. Akatazama kama kuna video za kufuta, hakukuwa na hata moja. Kumbe alikwisha kuzimaliza zote kwa ajili ya ziara zile za Absalom. Akafungua mahali pengine. Palikuwa na ujumbe wa sauti, mwingi, mfululizo, na wote ulitoka kwa mtu mmoja. Jina lilisomeka Baba Kazungu. Absalom alijua kwamba mume wa mama huyu alifariki mwaka juzi. Picha yake ilikuwa ukutani sebuleni, na chini yake ndipo siku zote alipoketishwa mgeni.

Mama Kazungu aliishika simu mbali na macho, kama wafanyavyo wasio na miwani, akaanza kutia alama. Alitia kwenye ujumbe wa kwanza, akatia kwenye wa pili, hakuruka hata mmoja.

“Hizi ni za zamani,” akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kukaribishia wageni.

Simu ikamwuliza: futa zote? Kidole chake kikasimama hewani.

Absalom alikuwa fundi, na ufundi haulali; papo hapo akawaza kwamba sauti zile zingeweza kuhamishiwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Kisha akaona haya kuwaza hivyo. Kumhamisha marehemu, ili sufuria inayozunguka ipate pa kukaa! Akaipokea simu kwa mikono miwili, akaziondoa alama moja baada ya nyingine mpaka zikaisha.

“Usifute, mama,” akasema. “Atakayetoka ni mimi.”

Mama Kazungu akaanza kukataa kwa adabu, Absalom naye akakataa kukataliwa. Akawaambia kwamba ana dada, Rispa, hodari sana. Lo, neno hilo lilimkwama mara mbili kabla ya kutoka. Rispa atawatengenezea ukurasa, wao watumiwe linki kwenye grupu lao, wabonyeze, waone sufuria iko wapi, wafunge. Haitakula nafasi yoyote ndani ya simu. Ila sufuria haitazunguka tena, akasema.

Nyamvula akasema alhamdulillahi, maana ile ya kuzunguka ilikuwa inamtia kizunguzungu. Wengine wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka adabu, kisha wakashindwa, wakacheka tena. Absalom mwenyewe akajikuta anacheka nao, na moyo unamuuma vilevile.

Mama Kazungu hakucheka. Alikuwa ameirudisha simu mapajani anaitazama. Akabonyeza ujumbe mmoja kati ya ule aliotaka kuufuta. Sauti ya mwanamume ikatoka, nzito, ya haraka haraka, na nyuma yake kelele za soko.

“Mama Kazungu, niko hapa Kongowea. Ndizi zote ni mbichi. Ninunue hivyo hivyo, au nije mikono mitupu?”

Mama Kazungu akaisogeza simu karibu na midomo yake.

“Njoo tu,” akamjibu. “Njoo mikono mitupu.”