Mzee Leodegar na Alama za Tahadhari

Darasa la Kiingereza la Hiral lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la baba yake, Kariakoo. Kila jioni ilibidi afunge dirisha, la sivyo sauti za wauza nguo wa barabarani zingefundisha badala yake. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, wengi wao wa ghala moja la marobota ya mitumba upande wa Gerezani. Ghala lile lilikuwa limepata matajiri wapya kutoka nje, na kuta zake zikajaa vibao vya Kiingereza. Mtu asiyevijua alikuwa anatembea na roho mkononi.

Aliyelipenda somo kuliko wote alikuwa Mzee Leodegar, Mmatengo wa Mbinga, dereva wa foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo. Hakuwa mtoro, na alijibu hata kabla swali halijafika mwisho. Akitamka "Danger!" kwa ile sauti yake ya kwaya, wateja wa chini waliinua vichwa.

Siku hiyo Hiral alikuja na alama alizozikata mwenyewe kwenye maboksi na kuzipaka rangi. Akainua moja ya manjano, iliyochorwa mtu anayetembea.

"Caution! Umeme!" akasema Leodegar.

Darasa likaangua kicheko. Shadya, mfunga marobota wa ghala lile lile, akamgeukia. "Mzee wangu, umeme umeota miguu lini?"

Leodegar akacheka pamoja nao. Ila Hiral alimwona anapindisha shingo, kama kuku anayetafuta punje, kisha akabahatisha jibu lingine. Nalo halikuwa lenyewe.

Wenzake walipoteremka ngazi, Hiral alimwomba abaki. Akamsogelea na ile alama mpaka ikawa mkono mmoja tu kutoka usoni pake.

"Baba, hapa unaona nini?"

Leodegar akaikodolea macho. "Naona manjano," akasema.

Kisha akamweleza, macho yake yakielekea sakafuni. Ukungu ulianza mwaka jana. Jicho la kulia lilikuwa kama limefunikwa chandarua, na la kushoto nalo lilikuwa linafuata. Yale majibu ya darasani alikuwa ameyashika kwa masikio. Foklifti aliiendesha kwa mazoea.

"Lile ghala nalijua kama kitanda changu, mwanangu. Sijawahi kumgusa mtu."

"Shadya anapita pale na robota kichwani, baba. Hawezi kugeuka akuone. Na wewe humwoni."

"Utanisemea?"

Hiral aliiweka ile alama mezani. Mtu huyu alikuwa rika la baba yake. "Nataka useme mwenyewe. Kesho, kabla hujaipanda. Usiposema, nitasema mimi."

Leodegar akasimama, akapapasa kofia yake mezani. "Mtoto wa mwenye duka," akasema polepole, "unajua nini kuhusu kazi?"

Akashuka, mkono ukiwa ukutani.

Hiral hakulala vizuri. Asubuhi akaenda ghalani, akijiambia kwamba heri achukiwe kuliko kunyamaza. Alipofika mlangoni, foklifti ilikuwa imeegeshwa, haina mtu. Leodegar alikuwa chini, kwenye mkeka wa wafunga marobota, anakaza kamba pamoja na Shadya.

"Alirudisha ufunguo hata chai hatujanywa," Shadya akamnong'oneza. "Msimamizi akauliza kulikoni. Mzee akamjibu kwamba macho yake yamechoka. Basi, akaja akakaa hapa na sisi. Mwalimu, alilia kidogo. Tulijifanya hatuoni."

Hiral akachuchumaa karibu na Leodegar. "Shikamoo, baba."

Mikono ya mzee ikaendelea na kamba. "Marahaba," akajibu hatimaye. "Jana nilikutolea maneno mabaya."

"Nami nilikutisha."

"Ulinitisha kweli." Akatabasamu kidogo. "Nimemkosa dereva wa kunipeleka hospitali. Mimi ndiye dereva, unaona tabu hiyo?"

Walikwenda wiki iliyofuata. Daktari aliuita ugonjwa wenyewe mtoto wa jicho, akasema unaondolewa kwa upasuaji, wakaanza na jicho la kulia. Hiral alikaa kwenye benchi la nje akiwa amemshikia kofia na rozari, na kila mlango ulipofunguliwa alisimama. Kesho yake walirudi kufunguliwa bandeji. Muuguzi alipomaliza kulisafisha lile jicho, Leodegar alipepesa, akamtazama mwalimu wake kwa muda, mdomo wazi.

"Kumbe u binti mdogo hivi!" akasema. "Kwa ule ukali wako, nilidhani una wajukuu."

Muuguzi alicheka mpaka akaweka chini sinia lake.

La kushoto lilikuwa halijafanyiwa, na foklifti ilikuwa imekabidhiwa mtu mwingine. Kama angerudishiwa, hakuna aliyejua. Jambo hilo Leodegar alilitaja walipokuwa getini pa hospitali wakinywa madafu, tena bila uchungu mwingi.

"Wakininyima je?"

"Tutaangalia pengine, baba. Mimi na wewe."

Akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wenye kibao chekundu.

"Usiniambie," akasema. Akaanza herufi ya kwanza, taratibu, midomo ikicheza. Hiral akashika dafu lake kwa mikono miwili na kungoja. Hakuwa na haraka.