Michi Mlangoni pa Zuberi

Kama kila alfajiri, Faida, dada yake mkubwa aitwaye Waridi, na jirani yao Mwamvita walikuwa wakitwanga mpunga katika kinu kimoja uani kwa Zuberi, michi mitatu ikipishana bila kugongana. Zuberi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, alitoka ndani, akainua ungo wa chenga za mchele na kuwamwagia bata wake.

Chenga zilikuwa haki ya watwangaji tangu mji wa Kasongo ulipoanza kulima mpunga.

"Baba Zuberi, wenzangu wamenituma," alisema Waridi. "Chenga iko yetu."

"Wamekutuma? Na mimi nakutuma. Utawapikia wapagazi wa msafara wangu mpaka Kabambare. Ukikataa, mdogo wako asikanyage tena hapa."

Waridi alikuwa na homa. Alikwenda kwa ajili ya Faida, akazikwa njiani.

Habari ilipofika, Faida hakulia mbele za watu. Alichukua mchi wa Waridi, akaulaza mlangoni pa Zuberi. Mwamvita akalaza wake, na watwangaji wenzao wote wakafuata, wakatandika mikeka, wakaketi. Kwa mila yao, mchi wa mwanamke ukilazwa njiani, mtu hauruki mpaka mwenyewe auinue. Hata watwangaji walioitwa kutoka kijiji cha Wamaza walifika, wakaitazama michi, wakageuka kurudi. Ndani, msafara mwingine ulikwama kwa kukosa mchele.

"Bwana, leo tutafune pembe?" wapagazi walimtania.

Zuberi akawashtaki wanawake kwa kadhi Sumaili, aliyekuja kusikiliza kesi kwenye baraza ya nyumba, mbele ya michi hiyo. Barazani Faida aliinamisha kichwa. Mwamvita ndiye aliyesema, naye alidai chenga tu na kusimulia jinsi mjumbe wao alivyoadhibiwa, maana Faida hakumwambia kwamba anataka kingine.

Kadhi alihukumu. Njia ni ya watu wote; michi iondolewe. Lakini wanawake wana ruhusa ya kukaa kando ya ukuta wa Zuberi na kumwambia neno lao kila apitaye. Tena Zuberi amefanya kosa kwa kumwadhibu mjumbe kwa ujumbe wa wenzake: arudishe chenga, awapokee wote bila kinyongo.

Zuberi alishusha pumzi. Alikuwa ameogopa adhabu kubwa zaidi.

"Haya, mama zangu, chenga zenu hizo. Kesho mukuje mutwange, tusahau."

Wanawake walianza kusimama. Faida aliuinua mchi wa dada yake kama alivyoamriwa, akauegemeza begani. Hakuondoka.

"Iko neno, binti yangu?" kadhi aliuliza.

Sauti ilimtoka ndogo, ila baraza zima lilimsikia.

"Chenga awape bata, baba kadhi. Sikuzitaka. Nitakaa kando ya ukuta, pale pale uliposema. Kila atakayeletwa kutwanga nitamwambia jina la Waridi, na jinsi alivyopelekwa na homa yake. Pembe zake zilale ndani mpaka azichukie. Nataka azeeke humo, mutu asimpikie hata uji, naye ajue ni mimi niko nje. Sitamsamehe."