Wa Mwisho Kwenye Msafara

Kutembea kwingi ni kushukiwa mengi. Wahenga walisema ni kuona mengi, lakini wahenga hawakuwahi kufuatana na madam Hilwa hadi Vienna na kurudi Dubai.

Nyumba aliyoirudia Edna ilikuwa ile ile, juu kabisa katika mnara mmoja wa Jumeirah Lake Towers, na kazi ilikuwa ile ile ya kumlea Tala, mtoto wa madam, wa miaka mitano. Hewa ndiyo iliyobadilika. Kamera ya sebuleni, ambayo siku zote ilitazama michezo ya mtoto, sasa ilitazama mlango wa jikoni. Ufunguo uliokuwa ukining'inia msumarini ulihamia mkobani mwa madam. Tala alizoea kushuka na Edna jioni kuendesha kibaiskeli chake kando ya ziwa. Sasa aliambiwa nje kuna joto. Joto la Dubai limeanza lini kuwa habari?

Edna alipotumwa chini kupokea mboga, Jovia alimzuia kwa mkono. Jovia alikuwa mlinzi wa mapokezi, Mganda wa Masaka, mtu wa kucheka hata anapokukataza jambo. Siku hiyo hakucheka.

"Nyabo Edna, ngoja kidogo. Madam wako ameniambia nikikuona unatoka na begi, nimpigie simu."

"Begi gani?"

"Lolote. Hata hilo la vitunguu." Akalichungulia kweli. "Kwani ulifanya nini huko Ulaya?"

"Niliendesha baiskeli."

"Banange! Wenzako wakifika Ulaya wanapotea kama chumvi kwenye mchuzi. Wewe unaendesha baiskeli, halafu unarudi. Hata mimi nakushuku."

"Unanishuku nini, dada?"

"Ama akili imepungua, ama kuna kitu unajua hutuambii." Akashusha sauti. "Sikia. Viza yako inaisha mwezi huu, sivyo? Omba msamaha. Neno samahani halina kodi."

Edna alibeba vitunguu vyake akaingia kwenye lifti. Aliijua hesabu ya Jovia, tena ilikuwa sawa. Kule Kahama nyumba ya mama yake ilikuwa imesimama kuta tupu, na mvua hazisubiri mtu. Mkataba mmoja zaidi, paa lingepanda. Kufukuzwa sasa kungekuwa kumwambia mama ahamie chini ya turubai. Lakini aombe msamaha kwa lipi?

Mambo yalianza asubuhi nzuri tu. Madam alitaka kuizunguka Vienna ya kale kwa baiskeli, na kiongozi, kijana mwenye miguu mirefu kama ya korongo, alikusanya wageni akawapa kila mmoja chombo chake. Sir Adib, mume wa madam, alimfunga Tala kwenye kiti cha nyuma. Madam aliyumba kabla hata ya kona ya kwanza, akamtupia Edna mkoba wake: "Weka kwenye kapu lako. Yalla."

"Nani mwendeshaji hodari kuliko wote?" aliuliza kiongozi. Watu wazima wakatazamana. Tala ndiye aliyepaza sauti: "Edna!"

Kijana akamvika kizibao cha njano. "Basi wewe ni mkia wetu. Humpiti mtu, humwachi mtu." Madam alicheka, akampiga picha.

Edna hakucheka. Kwao, msafara wa mpunga ukitoka mashambani kwenda mjini, baiskeli moja nyuma ya nyingine, magunia yamewapita waendeshaji urefu, anayewekwa nyuma ni mwenye nguvu kuliko wote. Ndiye anayesukuma aliyekwama na kungoja aliyepata pancha. Baba yake aliendesha nyuma miaka yote, na hakuna aliyemwita mvivu. Kwa Edna, kizibao kile kilikuwa saluti kwa msichana wa Kahama katikati ya Ulaya. Alinyoosha mgongo akakanyaga pedeli.

Wakapita majumba yaliyorembwa kama keki za harusi. Wakapita farasi wa kukokota watalii, na harufu ya mavi yao ikamkumbusha zizi la nyumbani. Wakasimama mbele ya kanisa kuu ambalo paa lake la vigae limesukwa rangi kwa rangi, zigizaga, kama mkeka. Edna alilitazama paa lile hadi shingo ikauma, akimwazia mama yake. Kiongozi akawaonyesha kwa mbali gurudumu kubwa la kupandisha watu angani. "Mwisho wetu pale," alisema. Madam alikuwa akijipiga picha.

Karibu na mfereji, mnyororo wa baiskeli ya bibi mmoja wa msafara, mwenye kofia ya ukindu, ukachomoka. Taa ikawa nyekundu. Msafara ulikuwa umekwisha kuvuka. Edna aliteremka, akaipindua baiskeli ya bibi magurudumu juu, akaurudisha mnyororo kwenye meno yake. Vidole vikawa vyeusi kwa grisi. Akafungua mkoba wa madam kutafuta karatasi ya kujifutia.

Pasipoti zilikuwa humo. Zote, pamoja na ile ya bluu ya Tanzania, ambayo madam alikuwa akiiweka yeye tangu Edna alipofika Dubai. Akaishika. Barabara ilikuwa wazi pande zote, wala hapakuwa na mtu anayemjua. Wazo lilimpita. Lilipita kama tramu za mji ule: likapiga kengele, likaenda zake. Aliirudisha pasipoti, akampandisha bibi, na kwa kuwa msafara haukuonekana tena, wakafuata gurudumu lile kubwa juu ya miti mpaka wakafika.

Madam alikuwa analia mbele ya polisi. Alinyakua mkoba, akauchambua palepale mbele ya watu, pasipoti moja moja. Hakusema ahsante. Tangu hapo ndipo hewa ilipobadilika.

Ijumaa jioni, huku Dubai, madam alimwita Edna sebuleni. Sir Adib alikaa kando, mtu mpole asiyependa kelele. Waliongea Kiingereza chao cha jikoni, kilichochanganyika na Kiarabu.

"Jambo dogo, Edna," sir alianza. "Sema samahani, khalas, tunaongeza viza. Ukikataa, madam anataka nikukatie tiketi."

"Samahani ya nini, sir?"

"Ya kutaka kutoroka!" madam alidakia. "Mbona ulibaki nyuma? Watu wote wanapenda kuwa mbele. Anayebaki nyuma ana lake."

"Nilivishwa kizibao, madam. Mwenyewe ulinipiga picha."

"Picha haionyeshi moyo."

"Bibi alikwama. Wa mwisho hamwachi mtu."

"Bibi! Bibi ni ndugu yako?" Madam alisogea mbele. "Nitazame usoni. Uliziona pasipoti?"

Mtu mwingine angekana. Jovia angemwambia akane. Edna alitazama kamera, kisha akamtazama madam.

"Niliziona. Yangu niliishika."

Sir Adib aliweka kikombe chini. "Uliishika?"

"Niliishika, nikairudisha."

"Umesikia?" Madam alimgeukia mumewe, uso umeng'aa kama aliyeshinda kesi. "Umesikia kwa mdomo wake? Alifikiria!"

"Kufikiri nilifikiri," alisema Edna. "Na kurudi nilirudi, na mkoba wako, na pasipoti zenu zote. Nisingerudi, mngekuwa bado mnalala Vienna."

Sir alikohoa. Huenda kilikuwa kicheko, huenda hapana. Madam alimtupia jicho. Kisha sir akaongea taratibu, kama anayemwombea mgonjwa. "Edna, ni neno moja tu. Sisi sote tunalisema kila siku. Mfikirie mama yako."

Alimfikiria. Aliziona zile kuta, akaisikia mvua ikizipiga. Akaliona pia lile neno moja: akilitamka usiku huu, kesho litakuwa limesimama imara nyumbani humu kuliko kamera, likisema Edna alitoroka, tukamsamehe. Na Tala atakua akilijua.

"Namfikiria, sir. Ndiye aliyenilea."

"Basi sema," alisema madam.

"Sikutoroka, madam. Kata tiketi ukitaka. Msamaha siombi."