Ua la Bilha Ndani ya Picha Nyeusi

"Bilha, nimeharibu," Zadock alisema akiingia ndani mikono mitupu. "Nilivaa ile taa nyekundu kichwani."

Mkewe aligeuza uso kufuata sauti. Presha ya macho ilikuwa imemla uwezo wa kuona pembeni kote, akabakiwa na kitundu katikati, na daktari hakumficha: hicho nacho kinafunga. Kabla hakijafunga alitaka kitu kimoja tu. Aone lile wingu la gesi linalowaka angani kama ua la waridi, kwenye TV, likiwa kubwa.

Basi kiangazi chote mwalimu Zadock alikuwa uani kwake mtaa wa Hai Mauna na darubini, kamera nyuma yake, na kichujio kinachopitisha wekundu wa wingu lile na kuzuia taa za mtaa. Taa nyekundu haimharibii mtu macho yaliyozoea giza. Lakini ng'ambo ya ukuta anakaa mkubwa mwenye walinzi, na doa jekundu likicheza juu ya bomba refu, mlinzi gani atawaza nyota? Usiku huu wakaja wawili, Majur na Lual.

"Ustaz, wewe iko piga picha ya nyumba ya mkubwa," Majur alisema.

"Napiga nyota, ndugu yangu. Jionee."

Majur akabonyeza moja, mbili, tano. Giza tupu. Kichujio kile hubana mwanga hata picha moja haionyeshi kitu. Mpaka zote zipandanishwe kwenye kompyuta ndipo ua litokeze.

"Picha mafi, hakuna! Nani anapiga giza?"

"Ukizijumlisha zote..."

"Jumlisha kwa darasa yako." Lual akacheka. Majur akachomoa kadi ya picha kwenye kamera, akatia mfukoni. "Bomba yako baki nayo."

Bilha alisikiliza mpaka mwisho. "Si ulizihamisha kwenye kompyuta?"

"Nilingoja zitimie."

"Mvua ndiyo hiyo inakuja. Ua litarudi mwakani," Bilha alisema, akijaribu kucheka. "Mimi ndio sijui kama hili duka la macho litakuwa wazi."

Zadock akatoka na kiti, akapanda ukutani. Mawingu yalishameza magharibi yote. Upande wa pili redio ilikuwa ikiimba. Alipoita, mtu akaizima.

"Lual! Lual, kaka, najua unanisikia. Darubini chukueni, kamera chukueni. Mwambie Majur anirushie hiyo kadi tu. Lual?"