Kaa wa Jiwe la Shemeji

Jumapili, tarehe 14 Julai 2019, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, manyunyu yalikuwa yakiuangukia mji wa Curitiba kwa ukaidi uleule wa tangu Alhamisi, na kipimajoto kilichobandikwa nje ya dirisha la jikoni kilisoma nyuzi sita. Dirceu Pianoski alikuwa amekwisha kufunga mapazia yote ya sebuleni na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo. Sasa alikuwa ameketi mbele ya tangi lake la samaki kama hakimu anayesubiri mshtakiwa aletwe.

Giza lile lilikuwa la makusudi. Taa za tangi zilipangwa kuwaka saa nane mchana na kuzimika saa tano usiku, ili mwenye nyumba aufaidi uzuri wake akiwa amemaliza shughuli zake. Kwa viumbe waliomo ndani ya maji yale, basi, asubuhi ya watu ilikuwa bado usiku mzito, wakati ambao kaa hutoka mapangoni kwenda kuiba.

Kilichokuwa kikiibwa ni Zulmira.

Hilo lilikuwa tumbawe la rangi ya waridi, lenye matawi mafupi manene yaliyosongamana. Lilipewa jina la marehemu Dona Zulmira, mwanzilishi wa chama cha wafuga matumbawe wa mji ule, na kila aliyegawiwa kipande chake alikipokea pamoja na sharti. Unakitunza, kikikua, unamgawia mwenzako, na siku tumbawe la yule aliyekugawia likifa, anakuja kwako kudai, nawe unavunja tawi unampa, bila kinyongo na bila senti. Ila dai halisikilizwi mpaka mharibifu aonekane kwa macho akiwa ndani ya ndoo, kwa kuwa kumpa kipande kipya mtu ambaye bado anafuga mharibifu ni kumwandalia mharibifu chakula cha jioni.

Tumbawe la Dirceu, ambalo wakati wa Krismasi lilikuwa na ukubwa wa kichwa cha mtu mzima, sasa lilikuwa mfupa mweupe wenye tawi moja tu hai, lisilozidi kidole gumba. Na kati ya wote waliowahi kugawiwa Zulmira, ni mmoja tu ambaye lake bado lilikuwa hai. Alikuwa Clóvis Bonatto, daktari wa meno, kaka wa mkewe, ambaye aligawiwa kipande chake na Dirceu mwenyewe, na ambaye Dirceu hakuwa amempa mkono tangu Pasaka.

Siku ile ya Pasaka, mbele ya chama kizima, Dirceu alisimama akatamka kwamba jiwe la baharini la kuweka tangini alilozawadiwa na shemeji yake kwa siku yake ya kuzaliwa lilikuwa limebeba kaa mla matumbawe, na kwamba daktari anayempelekea mtu jiwe bila kulikagua ni mzembe nyumbani kama alivyo mzembe kazini. Maneno hayo hayakuwahi kufutwa. Dirceu alikuwa amefanya kazi miaka thelathini akiwa mkaguzi wa mizani za masokoni, na hakuwa na desturi ya kufuta neno.

Kengele ililia. Marlise, mkewe, ndiye aliyefungua mlango.

"Mbona giza hivi, Shemeji?" Clóvis aliuliza kabla hajavua koti. "Umeme umekatwa, au umeanza kuona haya?"

"Futa miguu," Dirceu alisema bila kugeuka.

"Nimefuta."

"Futa tena."

"Dada, unamsikia mumeo? Mimi nimekuja kumlipa, yeye ananipeleka jela ya taulo."

"Msinianzie," Marlise alijibu kutoka jikoni, ambako pinhão, mbegu za msonobari, zilikuwa zikichemka. "Atakayepandisha sauti leo atakula nje, kwenye manyunyu. Nimewachoka nyote wawili."

Clóvis aliweka juu ya meza sanduku jeupe jepesi, la aina ile ya kubebea aiskrimu. "Kipande kimo humu, kwenye mfuko wa maji ya moto kiasi. Nionyeshe mwizi, nikukabidhi, niende zangu. Sikuja kunywa chai ya chimarrão na wewe."

"Hukukaribishwa chimarrão."

Dirceu aliwasha tochi yenye karatasi nyekundu, kwa maana kaa hauoni mwanga mwekundu vizuri, akaumulika mtego aliouzamisha tangini. Ulikuwa chupa ya soda iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa na kuchomekwa ndani kama faneli, na chini kabisa kulikuwa na kamba mbichi aliyemenywa. Anayeingia huteleza, anayeteleza hana pa kushika ili atoke.

"Kabla ya huyo wa leo, tazama ndugu zake," Dirceu aliendelea, akachukua rafuni chupa ndogo yenye spiriti. Ndani yake walielea kaa wawili, wadogo kama kunde, wenye migongo laini ya rangi ya krimu. "Niliwatoa kwa koleo mwezi Machi. Wametoka kwenye jiwe lako."

Clóvis aliisogeza chupa karibu na tochi. "Uliwakuta kwenye jiwe, au kwenye matawi ya Zulmira?"

"Kwenye matawi. Walijibanza katikati kabisa."

"Na kabla ya kuwatoa, tumbawe lilikuwa limeliwa kiasi gani?"

"Ncha chache za pembeni."

"Na baada ya kuwatoa?"

Dirceu hakupenda kuhojiwa na mtuhumiwa. "Anayeuliza hapa ni mimi," alisema, akairudisha chupa rafuni.

Walisubiri, kila mmoja kwenye kiti chake, magoti yao yakielekezwa pande mbalimbali kama ya abiria waliogombania dirisha. Pampu ilinguruma. Hatimaye, kutoka kwenye tundu la jiwe la zawadi, ulijitokeza mguu wenye manyoya, kisha wa pili, kisha kaa mzima, mpana kama kiberiti, mwenye magando meusi tii. Alipanda chupa kwa wasiwasi, akanusa, akazunguka mdomo wa faneli, akatumbukia.

Dirceu aliruka kutoka kitini kwa wepesi ambao Marlise hakuwa ameuona mwaka ule. Aliitoa chupa majini, akammwaga kaa kwenye ndoo, akaisogeza ndoo kwa mguu mpaka ikagusa kiatu cha shemeji yake.

"Mwanao huyo. Msalimie baba yako, kijana."

Clóvis aliinama, akatazama. Hata katika mwanga ule mwekundu ilionekana wazi kwamba kicheko kilikuwa kimefutika usoni mwake. "Ametoka kwenye jiwe langu," alisema polepole. "Hilo sikatai."

"Hukatai! Miezi mitatu umenifanya mzushi, na leo hukatai. Mzembe, mzembe, mzembe. Lete kipande."

Ilikuwa saa tamu sana kwa Dirceu, na aliionja kwa ukamilifu. Lakini Clóvis hakuligusa sanduku. Alitoa mfukoni kioo kirefu chembamba, kile ambacho madaktari wa meno hukiingiza kinywani mwa mgonjwa ili kupiga picha magego, akakizamisha nyuma ya tumbawe na kuomba tochi. Dirceu alimpa kwa dharau.

"Njoo uone mgongo wa Zulmira."

"Nimekwisha kuona nilichotaka kuona."

"Njoo, Mkaguzi."

Nyuma ya mfupa, mahali ambapo macho hayafiki kutoka mbele, yaliota majani mabichi ya majini, mafupi, yaliyolingana kama nywele zilizotoka kwa kinyozi. Hapakuwa na uchafu wala jani moja lililozidi mwenzake.

"Hiyo ni bustani," Clóvis alisema. "Kaa halimi. Kaa anakula anachokikuta, anaondoka. Huyu aliyefanya hivi anaua tumbawe ili apate shamba, kisha anapalilia. Washa taa."

"Kesi imekwisha. Mhalifu yumo ndooni."

"Dirceu," Marlise alisema akiwa amesimama mlangoni na bakuli la pinhão, "si wewe uliyekuwa ukijisifu kwamba hukuwahi kugonga mhuri mzani uliopimwa mara moja tu?"

Neno hilo lilimchoma mahali pake. Dirceu aliinuka, akawasha taa za tangi, akarudi kukaa.

Maji yaligeuka ya buluu, kisha meupe. Samaki wakaamka mmoja mmoja. Wa mwisho kujitokeza alikuwa donzela, kisamaki cheusi kisichozidi urefu wa kijiko cha chai, mkongwe kuliko wote humo. Dirceu mwenyewe ndiye aliyemnunua, juma la kwanza kabisa, kwa kuwa muuza duka alimwambia kama anavyomwambia kila mgeni wa kazi hii: tia donzela, ni rahisi na hafi, kinyesi chake kitayakomaza maji. Maji yalikomaa. Donzela alibaki. Alikuwa ameukimbia kila wavu kwa miaka mitano, mpaka Dirceu akaacha kumfukuza na kuanza kuwaambia wageni kwamba huyo ni msimamizi wa nyumba.

Msimamizi alikwenda moja kwa moja nyuma ya Zulmira. Akang'oa jani lisilomridhisha, akalitema mbali. Kisha akazunguka mbele, akalikabili lile tawi moja lililobaki hai, akalirukia, akanyofoa kipande cha ngozi ya waridi, akakitema nacho, akarudia, na tena. Mahali alipouma pakabaki peupe.

Dirceu aligonga kioo cha tangi kwa kiganja. Donzela aligeuka, akamtazama, akaendelea kuuma.

"Mtoe," Marlise alisema. "Mtoeni, jamani, analimaliza!"

Dirceu alikuwa na sanduku la plastiki angavu alilolitengeneza mwenyewe zamani, lenye mlango wa kuporomoka ulioning'inizwa kwa mshipi wa kuvulia. Donzela hakuwahi kuingia humo hata siku moja, kwa chambo cha aina yoyote. Alilitelemsha majini.

"Chambo hakimtoshi huyo," Clóvis alisema. "Hana njaa. Ana kiburi." Akakiegemeza kile kioo cha meno ndani ya sanduku, upande wa nyuma.

Donzela alipita mbele ya mlango, akaona ndani ya sanduku donzela mwingine, mweusi kama yeye, aliyethubutu kukanyaga ardhi yake. Alitanua mapezi yote. Yule mwingine naye akatanua. Matusi ya namna hiyo hayavumiliki, na akaingia kwa kasi, akalivamia umbo lake kwa mdomo wazi.

"Sasa!" Clóvis alinong'ona.

Dirceu aliachia mshipi. Mlango ukaanguka.

Muda mfupi baadaye kulikuwa na ndoo mbili sakafuni, na wanaume wawili waliolowa mikono mpaka kwenye viwiko.

"Sasa nikuambie na hao wa kwenye chupa yako," Clóvis alianza, na sauti yake haikuwa na huruma hata chembe. "Hao ni walinzi. Hawakutoka kwenye jiwe langu. Walikuja na tumbawe lenyewe, humo ndimo wanamoishi. Wanakula ute wake tu, na kila anayelisogelea wanamfinya. Mimi ninao wawili, wananifinya hata mimi nikiweka kidole. Huyo msimamizi wako alikuwa anawaogopa, ndiyo maana alikuwa anadonoa ncha tu. Wewe ukawatoa askari wako kwa koleo, ukawaloweka kwenye spiriti, ukawaweka rafuni kama kombe la mpira. Kisha ukasimama mbele ya watu ukaniita mimi mzembe."

Dirceu aliitazama ile chupa ndogo.

"Haya, sema," Clóvis alimkazia. "Uliyosema Pasaka, sema leo kinyume chake. Dada yupo, anasikia."

Dirceu alisimama. Alifunga vifungo vya mikono ya shati, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto.

"Clóvis Bonatto. Kaa mwenye manyoya ametoka kwenye jiwe lako, na hapo sirudi nyuma hata hatua moja. Lakini uharibifu haukuwa wako. Nilikutuhumu mbele ya watu kabla ya kupima, nikaitukana na kazi yako. Nilikosea. Jumamosi nitasimama mbele ya watu walewale, nitayasema haya haya, kwa maneno haya haya."

"Vizuri." Clóvis alivuta pumzi, akafungua sanduku, akatoa mfuko. Ndani ya maji safi kilisimama kipande cha Zulmira, cha waridi iliyokolea, chenye matawi manne. Alikinyanyua juu kidogo, kama anayetaka kionekane na jirani wa ghorofa ya pili. "Basi pokea deni lako. Mwizi nimemwona ndooni. Na safari hii, nakuomba, mlinzi ukimkuta usimuue."

"Kirudishe," Dirceu alisema.

"Nini?"

"Kirudishe kwenye sanduku kabla maji hayajapoa. Sikichukui."

"Dirceu!" Marlise aliweka bakuli chini. "Tawi lako lile halimalizi juma! Ukikataa hicho huna tena Zulmira, unaelewa?"

"Naelewa vizuri sana. Sharti liliwekwa kwa ajili ya mtu aliyeibiwa. Mimi sikuibiwa. Samaki nilimnunua mimi, kwa pesa yangu, na walinzi niliwaua mimi, kwa mkono wangu. Mtu wa namna hiyo hana anachodai."

Uso wa Clóvis uliiva. "Unafanya hivi ili nisikusamehe kwa raha! Umeshindwa, nimekuja na mkono wazi, na bado unataka uwe juu yangu! Chukua, bwana! Chukua, au sikanyagi tena nyumba hii!"

"Ni uamuzi wako."

"Nakulipa!"

"Hulipi, kwa sababu sikudai," Dirceu alisema, akaliondoa taulo chini ya mlango kwa ncha ya kiatu, na akamfungulia.