Taa ya Mzigo

Siku ya tatu bila umeme mji mzima, saa nne asubuhi, Fundi Chaji alikuwa amebakiwa na betri moja tu ya akiba, na hiyo moja mwenyewe hakuiamini. Ilikuwa betri kubwa ya sola, nzito ya kuvunja mgongo, iliyosahauliwa nyuma ya kibanda chake tangu mwaka jana. Nyingine zote zilimezwa na mashine ya oksijeni iliyokuwa ikinguruma chumbani, kando ya kitanda cha dada yake.

Alianza na betri za magari, akijua fika kwamba anazionea. Betri ya gari ina hasira za mkizi: inatoa nguvu zake zote kwa mkupuo mmoja, injini inawaka, basi. Ukiitaka ivute mzigo taratibu saa nzima, inakufia mikononi. Sita zilimfia hivyo. Gari la jirani nalo liliwashwa uani, nyaya zikapitishwa dirishani, mpaka petroli ikakauka. Na vituo vya mafuta vilikuwa havina umeme wa kusukuma pampu. Paneli ya sola ilikuwa juu ya bati, ikioshwa na mvua ya siku tatu. Hospitali walishamwambia mitungi ya oksijeni imekwisha na jenereta inatosha chumba cha upasuaji tu, akae na mgonjwa wake nyumbani.

Kazi ya betri alifundishwa na huyo huyo dada. Baba yao alipokufa, Dada Mkubwa alirithi kibanda, akawa anavunja betri kuukuu na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo kwenye sufuria, moshi ukimwingia kifuani miaka kumi na minane, ili mdogo wake asome. Mdogo mtu hakufika mbali na shule. Mapafu yakaharibika bure, na hilo ndilo lililomkereketa Fundi kila alipoisikia ile mashine.

"Maji ya betri tu," dada alikuwa akimwambia enzi hizo, huku akimpiga kikofi cha kisogo. "Ukiongeza asidi umeidanganya mita, betri hujaiponya."

Mafundi wa mtaa wa pili walifanya hivyo mchana kweupe. Betri mfu hutiwa asidi, mita inapanda, mteja anaondoka na meno yote nje, na wiki haiishi vibati vya ndani vimeliwa. Fundi Chaji hakuwahi kumfanyia mtu hivyo, hata mteja msumbufu.

Asubuhi ile alifungua vifuniko sita vya betri ya sola, akamimina asidi.

Tone likamdondokea kidoleni, likamchoma, wala hakulifuta. Mita ilipanda mpaka volti kumi na mbili na nusu, na moyo wake, mpumbavu mkubwa, ukafurahi. Akaibeba betri hadi chumbani. Ile iliyokuwa ikivuta mashine ilikuwa ya mwisho kati ya zilizokuwa nzima, na inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe wa mashine, ilishaanza kulia, pii, pii, kuonya kwamba chaji inakwisha.

"Hiyo umeitoa wapi?" Dada Mkubwa aliuliza. Maneno yalimtoka mawili mawili.

"Ilikuwapo nyuma ya kibanda, dada."

"Volti?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Bila mzigo?"

Fundi akainama, akajifanya anatafuta waya.

"Mdogo wangu. Weka taa."

Taa ya mzigo, ya kuipa betri kazi ionekane inaweza nini, ilikuwa balbu ya taa kubwa ya gari yenye nyaya mbili. Ndiyo iliyokuwa ikiumbua kila betri kibandani, kwa kuwa mita humsifu hata maiti. Akaiunga. Ikawaka nyeupe, pe! Alihesabu kimoyomoyo. Kufika tano ikawa ya njano. Kufika tisa kikabaki kiwaya chekundu, kisha kikazimika nacho.

"Umetia asidi," dada akasema. "Harufu naijua."

"Nimetia. Nisamehe."

Hakumkaripia, na Fundi angependa akaripiwe.

"Ungenianika tu juani, kama betri za tochi," dada akasema, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Utotoni walikuwa wakizipanga betri za tochi juu ya bati, zipate joto, redio iseme jioni moja zaidi. "Sasa niambie. Mteja ungemwambiaje?"

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Mwambie mteja."

"Ningemwambia..." Fundi akazichomoa nyaya za taa. "Ningemwambia, mama, hii imekwisha. Usihangaike nayo."

"Haya. Mashine haiwezi. Na simu je?"

Fundi aliijua hesabu hiyo kama jina lake. Mashine ilihitaji nguvu ya balbu tano kama ile. Simu inataka tone tu, na hata betri mfu ina matone.

"Simu itaichaji wiki nzima."

"Basi iunge yangu. Nimpigie mwanangu."

Binti yake alikuwa mwendo wa siku mbili kwa basi, na barabara zilikuwa zimefurika. Mnara wa simu nao uliishi kwa betri zake, na hizo zilikuwa bado zinahema. Binti akapokea kwa furaha, akaanza habari za watoto, nani ameng'oka jino, nani amekataa shule. Dada Mkubwa alisikiliza akitabasamu. Inveta ikalia mlio mmoja mrefu, mashine ikanguruma kidogo, ikanyamaza.

"Mama, ule mlio wa betri kuisha umekoma. Umeme umerudi?"

Dada Mkubwa alimtazama mdogo wake. Akavuta pumzi kwa shida, akaikusanya.

"Ndiyo, mwanangu. Umerudi."

"Alhamdulillahi! Basi pumzika, mama. Nitapiga kesho."

Fundi aliichukua simu mkononi mwa dada yake. Ilikuwa bado inaingia chaji.